Karibu Nyumbani kwa Zaitun

Harufu ya udi ilianzia jikoni, mchana kweupe, Zaitun akikaanga dagaa. Nyumba ile ya Nachingwea haikuwa hata na chetezo. Zaitun akanusa mikono yake, akanusa kanga, akamuuliza wifi yake kama amefukiza kitu. Fauzia akasema hapana, macho kwenye simu.

Huyu Fauzia alitoka Ruangwa kuja kwa kaka yake, ajifunze biashara ya wifi yake Zaitun. Biashara yenyewe ni hivi: unachagua bidhaa ya mtu mwingine, unalipia tangazo, na mtu akitafuta kitu cha namna hiyo kwenye simu, tangazo lako linatokea juu kabisa. Akinunua kupitia kwako, mwenye bidhaa anakupa kamisheni. Kazi iko kwenye kuchagua. Zaitun hakuwahi kutangaza asichokijaribu. Pampu ya kupulizia mikorosho aliibeba mwenyewe mgongoni, shambani Mkotokuyana, mpaka mabega yakavimba. Ndiyo maana watu wakiona jina lake walinunua bila maswali.

Na jina hilo ndilo lililomchoma Fauzia roho. Mama yake mzazi, Bi Sikudhani, aliyeishi humo humo, alimwita mkwewe "mwanangu", na huyu aliyemzaa kwa uchungu alimwita "wewe". Kila wakila ni Zaitun hivi, Zaitun vile. Jamani, wivu si kitu cha kuchekwa, hata mimi ningenuna.

Basi Fauzia akachagua bidhaa yake: udi wa mvuto, wenye kamisheni nono kuliko zote, muuzaji hajulikani jina wala mji. Kujaribu hakujaribu. Tangazo likakaa, hakuna aliyebonyeza. Ndipo akabadilisha maneno ya juu, akaandika: Karibu nyumbani kwa Zaitun, Nachingwea. Alijua udi ukiwa feki, atakayetukanwa si yeye. Watu wa Masasi na Tunduru wakabonyeza, wakanunua, wakafukiza, na harufu ikaingia nyumba iliyotajwa.

Baada ya harufu zikaja hatua. Kwanza ndala kuvuliwa mlangoni, taratibu, kama anavyovua mgeni mwenye adabu, halafu nyayo tupu kwenye saruji, na Zaitun akitoka kutazama, haoni mtu. Bi Sikudhani akasema ni panya. Lakini panya havui viatu, na panya haketi kitandani kwa mtu alasiri godoro likabonyea upande mmoja huku mwenye kitanda amesimama ukutani hawezi hata kulia, na panya hamfanyi mtu akatae maji na chakula mpaka mifupa ya kifua ihesabike, akizungumza peke yake kwa sauti nzito ya kiume ambayo mumewe, Mudrik, alipoisikia kutoka uani, alidhani mkewe ana mwanamume ndani.

Mudrik akamleta mganga, fundi Swalehe kutoka Kilimarondo. Fundi akamfunika Zaitun shuka jeupe, akasoma, akauliza ni nani aliyemleta.

"Sikuletwa," ile sauti ikajibu chini ya shuka. "Nimekaribishwa. Mpaka sasa hivi nakaribishwa."

Fundi akageuka kwao, akanong'ona. "Mgeni huagwa na aliyemkaribisha, na huyo yumo humu ndani. Aiondoe hiyo karibu aliyoitoa. Asipoiondoa, binti huyu hafiki asubuhi."

Fauzia akajifanya anakwenda kuchota maji. Jikoni akalifungua tangazo na kulifuta jina la wifi yake. Harufu ikakatika. Ndani, Zaitun akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe.

Fauzia alilia, na alilia kweli. Hakutaka mtu afe. Alitaka tu apendwe nyumbani kwa mama yake. Akajifuta uso, akaenda chumbani amekusudia kusema yote.

Bi Sikudhani alikuwa amekipakata kichwa cha Zaitun, anamnywesha uji kijiko kwa kijiko, machozi yanamdondoka. Hakumwona aliyesimama mlangoni.

"Mwanangu," alikuwa akimwambia, "ungekufa wewe, mimi ningebaki na nani?"

Fauzia akarudi kinyumenyume. Jikoni akakaa kwenye kigoda, akatulia. Akalifungua tangazo, akaliandika lile jina upya, herufi kwa herufi.

Mama yake akaita kutoka chumbani. "Wewe, lete sukari."

"Naja, mama," Fauzia akaitika, akabonyeza.