Farasi wa Kijivu Hagongwi

Mzee Emil, mwendeshaji wa bembea ya kuzunguka yenye farasi wa mbao katika bustani ya mji, ndiye aliyemwonya Loretta.

"Piga picha, panda, cheka. Ila yule wa kijivu usimgonge tumboni. Kuna kitu humo kimechoka kukaa ndani ya mbao."

"Umeanza lini kuwatisha wateja, mzee?"

"Tangu meno yangu yakiwa yangu."

Loretta alitabasamu kwa midomo tu. Tangu wamzike mumewe, Dale, mwezi wa Februari, hakuna kilichomgusa moyo. Kila kiangazi walikuwa wakizunguka miji kutazama farasi hawa wa kale, na Dale aligonga kila tumbo. Farasi hao ni masanduku matupu. Sauti humwambia fundi kama gundi bado inashika. Dale aligonga hivi kila mara: mbili za haraka, kimya, moja.

Farasi wa kijivu alinuka vanishi mbichi, ingawa rangi yake ilipasuka zamani. Mkono wa Loretta ukaenda wenyewe. Mbili. Kimya. Moja.

Kitu kilicho ndani kikajibu: mbili, kimya, moja.

"Baba!" alisema Junie, binti yake wa miaka mitano aliyesimama kando yake. "Mama, nipandishe!"

Loretta akampandisha.

"Si baba yake," Emil alinong'ona. "Kinamuiga anayegonga. Kinatafuta pa kuhamia. Mshushe, mama, kabla sijavuta mkono huu wa mashine!"

"Vuta."

Emil akauvuta. Muziki ukaanza, farasi wakapanda na kushuka, na Junie akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akacheka kila alipopita mbele ya mama yake, mpaka mzunguko wa nne alipopita kimya, mgongo wima, macho yakiangaza kama ya kioo, na mkono wa Loretta uliogonga ukafa ganzi hadi kiwikoni.

Asubuhi iliyofuata Junie alikaa mezani bila kugusa maziwa. Loretta alimchana nywele. Kitana kikatoka na unywele mrefu, mgumu, wa mkia wa farasi.

Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Emil.

"Bi Loretta, njoo. Farasi wa kijivu analia. Anaita mama."

Loretta alikunja kidole, akamgonga mtoto mgongoni. Sauti ikavuma kama ya sanduku tupu. Akasubiri.

Ndani ya mgongo kikajibu: mbili za haraka. Kimya. Moja.

Akakata simu, akavuta kiti, akakisogelea kile kilichogonga kama Dale.