Mkono Kwenye Swichi

Maiti ililala chali kati ya makochi mapya ambayo bado yalikuwa na nailoni zake, ngazi imeangukia miguu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeungua. Juu, holda ya taa ya tyubu ilining'inia kwa waya mmoja.

"Umeme," alisema daktari wa polisi. "Alikufa kabla hajafika sakafuni."

Marehemu alikuwa fundi umeme wa duka lile la samani, na pia mdogo wa mwenye duka, tumbo moja. Mwenye duka alikuwa bahili wa kufumba jicho moja ili lisichakae. Mteja akiingia, anawasha taa. Akitoka, anazima. Kutwa nzima washa zima, mkono haubanduki kwenye swichi ya mlangoni.

Na taa zake zilikufa kama nzi. Tyubu mpya haimalizi mwezi, ncha zimekuwa nyeusi tii. Akamtangaza mdogo wake mwizi: eti anauza mpya, anamfungia kuukuu. Alilisema mbele ya wateja, akalisema hata mbele ya mke wa mdogo wake.

Inspekta alimkuta mke huyo nje. Hakuwa akilia. Aliuliza jambo moja tu, kama polisi wangeweza kujua iwapo mumewe aliiba.

"Watoto wataniuliza," alisema.

Maelezo ya mwenye duka yalikuwa mepesi. Swichi ilizimwa, mdogo wake akapanda ngazi, mteja akaingia, mkono ukawasha wenyewe. Mazoea. Alama za vidole hazikusaidia kitu. Swichi ile haikuwahi kuguswa na mtu mwingine.

Inspekta akawageukia wauzaji, wanawake wawili. Wakamsimulia ya jana. Fundi aliwaletea tyubu ya stoo, iliyofungwa siku moja na zile za dukani, ila yenyewe iliachwa iwake bila kuzimwa. Ncha zake zilikuwa bado nyeupe. Akawaeleza kwamba kila tyubu inapowashwa huliwa kidogo kwenye ncha, kisha akamgeukia kaka yake: mwizi wa taa zako ni mkono wako. Walicheka mpaka wakashikilia makochi.

"Na leo asubuhi mlikuwa wapi?"

"Hapa nje, afande, tunasubiri kufunguliwa. Tulisikia kishindo, ndipo akafungua."

"Mteja je?"

"Apitie wapi? Komeo lilikuwa kwa ndani."

Chumba cha mahojiano hakikuwa na dirisha.

"Mzee, mkono wako huwasha mteja akiingia," alisema Inspekta. "Mlango ulikuwa na komeo. Leo ulimwashia nani?"

Mwenye duka alitazama kiganja chake kama kwamba ndicho kilichoulizwa.

"Walinicheka," alisema hatimaye. "Nimemlea yule. Ufundi nimemsomesha mimi. Halafu ananifanya kichekesho mbele ya wafanyakazi wangu."

"Ulijua kwamba alisema kweli?"

"Ndiyo maana."

Koplo alimfunga pingu, akamwongoza nje. Walipofika mlangoni, mzee akanyoosha kidole, akazima taa.

"Washa," alisema Inspekta kutoka gizani.

Tyubu ilipepesa, ikasita, ikawaka.

Mke wa marehemu alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini pale kituoni. Shemeji yake alipita mbele yake bila kuinua uso.

"Hakuiba, mama," Inspekta alimwambia.

"Aliniambia," alijibu. "Nikamwambia aape."