Uzito wa Kiti cha Pili

Ujumbe uliingia saa moja na dakika nne asubuhi.

"Chagua ndege. Viti viwili. Yenye mbio. Mzigo uko Nebraska. Mwisho saa tisa alasiri. Usiguse ndege ya serikali."

Marit Tollefson aliusoma mara moja, akaufuta.

Usiguse ya serikali. Maana yake, kikulacho kilikuwa nguoni.

Mzigo wenyewe ulikuwa mtu. Injinia Roshni Talwar alikuwa amewatoroka waajiri wake na kifaa cha kuongozea makombora, kifaa ambacho walitaka kukiuza ng'ambo. Sasa walikuwa wakimsaka. Hawakujua alikojificha. Wangemfikia kabla ya Marit, hata kaburi lake lisingejulikana.

Ilikuwa Jumamosi, na kwenye kile kiwanja kidogo cha Wisconsin watu walikuwa wameshapanga foleni ya chapati za maji na shira ya utomvu wa mti wa mepo. Ndege zilizoundwa kwa mikono ya wenyewe zilijipanga kwenye majani, kila moja na neno MAJARIBIO ubavuni.

Nyuma ya kikaango alisimama Bernadine Wolski, miaka sitini na mbili, aproni ya picha ya jogoo.

Chini ya aproni, bastola ya Glock 19.

Marit, mwenzake wa kazi, peke yake ndiye aliyejua.

"Mbili au tatu, mwanangu?"

"Moja tu, mama. Nina safari."

"Safari kwa chapati moja? Utaanguka wewe kabla ya ndege."

Marit alicheka, akaenda na sahani yake hadi kwenye banda la Verlin Kostka.

Verlin ndiye aliyemfundisha kuruka. Ndiye aliyemfundisha kazi pia, kabla hajastaafu. Alimbeba Annika, mtoto wa Marit, mikononi siku ya ubatizo, akalia kuliko mtoto. Dunia nzima ingevuja, Verlin asingevuja. Ndiyo maana Marit alimpigia simu.

"Binti, nimekuandalia tatu," mzee alisema, akifuta mikono kwa tambara. "Ile ya pangaboi nyuma, Long-EZ. Inakula mafuta kama chiriku anavyokula mbegu."

"Kiwanja changu kina kokoto. Zitaruka zote kwenye pangaboi."

"Haya. Ile nyeupe, basi. Lancair. Maili mia mbili sabini kwa saa. Chukua hiyo, usiangalie pembeni."

"Na ile?"

Kwenye kona ilisimama RV-8 ya bati tupu, haijapakwa rangi, viti vyake kimoja nyuma ya kingine. Verlin mwenyewe alikuwa ameigonga misumari ya ribiti mmoja mmoja kwa miaka kumi na moja.

"Hiyo bibi kizee. Mia mbili, basi."

"Inatua kwenye uwanja wa kuku."

"Binti, rubani hapimi uwanja, anapima saa. Chukua nyeupe. Uko peke yako, sivyo?"

"Peke yangu. Kiti cha pili nitaweka koti."

"Basi nikuandikie karatasi."

Hakuna muunda ndege anayeiachia ndege iondoke bila karatasi ya uzito. Nani anakaa wapi, mafuta kiasi gani, begi liko wapi. Ukikosea, mkia unalemea, unakufa. Verlin angemwandikia karatasi hiyo hata mwizi wa ndege yake.

Alimpa. Marit aliisoma akiwa ameweka mguu kwenye bawa jeupe.

Kwenda: rubani, ratili 142. Kiti cha pili, sifuri.

Kurudi: rubani, ratili 142. Kiti cha pili, ratili 118.

Begi, ratili 19.

Marit alisoma tena ile namba ya mwisho. Hakuwa amemwambia mzee habari ya abiria, wala ya begi.

Roshni ndiye aliyelipima begi asubuhi ile kwenye mizani ya jikoni, akamtajia uzito kwa simu. Hata Washington hawakujua kile kifaa kina uzito gani. Waliojua ni Roshni, Marit, na wale waliokitengeneza.

Aliiweka sahani juu ya bawa.

"Mzee Verlin. Nani kakwambia ratili kumi na tisa?"

Tambara lilisimama mkononi mwa mzee.

"Uliwapa namba ya hii nyeupe," Marit alisema polepole. Kila ndege hutangaza namba yake hewani, na mwenye simu yeyote anaifuata kwenye ramani. "Hawajui Roshni aliko. Walitaka niwapeleke."

"Miaka thelathini na moja, Marit. Wakaniaga kwa keki na saa ya ukutani. Hawa waliniita. Walinihitaji."

"Na mimi wangenifanya nini nikishafika?"

Verlin alianza tena kufuta mikono iliyokwisha kutakata.

"Kwa nini hukunipa ya kwako?"

Mzee alijibu kabla hajafikiri. "Wangeitoboa risasi."

Marit alihisi kitu kikidondoka ndani yake, kisigonge chini.

"Ukaionea huruma ndege," alisema.

"Marit, sikiliza..."

"Na karatasi ukaandika sawasawa, ili nisianguke njiani kabla hawajaniua."

Hakulia. Alibonyeza saa yake ya Casio mara mbili, ishara waliyopatana na Bernadine.

Bernadine aliingia bandani na kijiko cha kugeuzia mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na Glock.

"Mikono, babu. Chapati zangu zinaungua."

Pingu zililia. Klik.

"Mama, hii nyeupe utaiweza?"

"Nimetua kwenye meli ya kivita gizani, mvua usoni. Nipe ufunguo."

"Iruke hadi Minnesota, namba yake ikiwa hewani wakufuate, kwenye kile kiwanja cha zamani cha jeshi. Vijana wetu watatangulia. Mzee akae karibu nawe, kiti cha pili."

"Na wewe?"

Marit aliitazama ile ndege ya bati. Alipitisha kidole kwenye mstari wa ribiti. Ulinyooka kama uzi.

"Nakwenda na bibi kizee."

Injini ya Lycoming ilikohoa, ikashika. Alizima kitangaza namba. Dakika tatu baadaye alikuwa juu ya Mto Mississippi, chini chini, kichwa chake magharibi.

Redio iliita juu ya Iowa.

"Jogoo hapa," ilikuwa sauti ya Bernadine. "Helikopta mbili zilinifuata. Zimetua."

"Wangapi?"

"Saba. Wote chini, hakuna risasi. Mmoja analia."

"Verlin?"

"Anauliza kama umekumbuka kubadilisha tangi la mafuta."

Marit alinyoosha mkono kwenye swichi ya tangi. Alibadilisha.

"Mwambie asiniulize chochote."

Nebraska. Kiwanja cha kokoto na majani, hatua mia sita, waya wa ng'ombe mwishoni. Ile nyeupe ingeukata waya na kuendelea. RV-8 ilisimama waya ukiwa bado mbali.

Saa nane na dakika ishirini.

Roshni alitoka mbio kwenye ghala la mahindi, begi kifuani kama mtoto mchanga.

"Nilidhani umenisahau, dada!"

"Funga mkanda. Unakwenda nyumbani."

Jioni walitua Omaha, ambako magari meusi yalisubiri. Mhudumu wa mafuta, mzee mwenye kofia ya picha ya mahindi, aliizunguka ndege akipiga mbinja.

"Mama yangu! Ribiti hizi! Umeiunda mwenyewe?"

"Hapana. Mwalimu wangu."

"Siku ukimwona, mpe mkono kwa niaba yangu."

"Mikono yake ina pingu."

Marit alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akamshika Roshni bega, wakaelekea kwenye magari.

Hakugeuka kuitazama ndege.