Mtoto wa Panda Nyuma ya Meko

Kila Septemba, Qiao Shouyi hupanda mlimani kuchimba mizizi ya dawa, na mkewe, Suzhen, hubaki na mbuzi. Siku moja Shouyi alirudi mapema. Kapu lilikuwa tupu. Ndani ya koti lake mlikuwa na mtoto wa panda, yule dubu mweusi na mweupe, mdogo kuliko paka, macho bado yamefumbwa.

Alimweleza mkewe kwamba alimkuta katika tundu la msonobari. Aliketi karibu na mti huo tangu asubuhi hadi saa saba, na mama hakutokea. Kwa mfugaji wa mbuzi, mama anayemwacha mtoto mchanga nusu siku amemkataa. Mtoto wa namna hiyo huwekwa nyuma ya meko na kunyweshwa maziwa. Wawili hao wamefuga mbuzi maisha yao yote, kwa hiyo hawakuona haja ya kufikiri zaidi.

Suzhen alipasha maziwa moto. Shouyi alimwita jirani yao, Yang Lixia, mlinzi wa hifadhi, akitarajia sifa.

"Weka chini hiyo chupa, shemeji," Lixia alisema mlangoni. "Amekwisha kunywa?"

"Bado. Nayapoza."

"Basi hatujamuua. Tumbo lake haliwezi maziwa ya mbuzi."

Shouyi alikasirika. "Mama yake kamtupa. Nimekaa pale mpaka miguu imekufa ganzi. Wewe ulikuwa wapi?"

"Kaka, panda si mbuzi. Chakula chake ni mianzi, na mianzi haishibishi. Mama humwacha mtoto saa nyingi akale. Huenda alirudi, akakuona umekaa mlangoni pake."

Shouyi alimrudisha mtoto ndani ya koti, wakaanza kupanda kuelekea kwenye ule msonobari.

Lixia alieleza mengine wakiwa njiani. Barabara na mashamba vimeukata msitu wao, na panda wachache waliobaki upande huu hawawafikii wenzao wa ng'ambo. Jike huzaa mara moja katika miaka miwili hivi, na porini kwa kawaida hulea mtoto mmoja tu. Suzhen aliuliza kama mama atampokea mtoto anayenuka tumbaku ya mumewe. Lixia alisema hajui, na kwamba wanaodai kujua hawajamuuliza panda.

Mbwa wao aliwafuata. Lixia alisimama na kumtaka Suzhen amrudishe nyumbani amfunge, kwa kuwa mbwa asiyechanjwa huleta ugonjwa unaoua panda. Walimsubiri, na dakika zilipotea. Mtoto, aliyekuwa akilia, alinyamaza.

Walipofika kwenye mti, alikuwa bado anapumua. Lixia alimlaza ndani ya tundu, akafunga kamera kwenye mti wa pili. Shouyi alitaka kubaki aone. Lixia alimshika mkono, wakashuka.

Siku tatu baadaye tundu lilikuwa tupu. Suzhen alidhani mtoto ameliwa na chui. Lixia aliwaonyesha picha za kamera. Jioni ya siku waliyomrudisha mtoto, mama alifika, akanusa, akaondoka. Alirudi baada ya saa mbili, akanusa tena, akaingia. Kesho yake alitoka amembeba mwanawe kinywani, akaelekea juu.

Juma hilo Shouyi alimpeleka mbwa akachanjwa, na akahamishia uchimbaji wake mteremko wa chini. Jambo moja tu lilimkera.

"Amempeleka wapi?"

"Sijui, kaka," Lixia alisema. "Tukimtafuta, atahama tena."

Shouyi alibeba kapu lake mgongoni akashika njia ya chini.