Baba Atajifungua Lini?

Kila alasiri Chiriku alirudi kutoka shuleni, akavua viatu mlangoni na kumkuta baba yake, fundi cherehani, akishona barazani. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini siku hizi alipita barazani kimyakimya, kwa aibu.

Mdogo wake alikuwa amezaliwa kabla ya wakati, mwepesi kama kipande cha kitambaa. Hospitali iliwaruhusu kwenda naye nyumbani kwa sharti moja: akae kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Mama akichoka, baba ampokee. Basi fundi alishona huku shati lake likiwa wazi, mtoto kafungwa kifuani kwa kitambaa, kikofia tu kikichungulia.

"Shoga, baba yako anajifungua lini?" wenzake walimtania darasani.

Leo wasichana wawili kati ya hao walikuwa wanakuja kuchukua sketi zao. Chiriku akawaona wakikata kona.

"Baba, nipe mtoto nimpeleke kwa mama."

"Haya. Mwambie amweke kifuani, sio kitandani."

Mama alikuwa anaoga. Chiriku akamviringisha mtoto katika mablanketi mawili mazito, akamlaza kitandani, akarudi mbio.

"Mama kampokea?"

"Kampokea, baba."

Wasichana wakajaribu sketi, wakajizungusha mbele ya kioo, wakacheka. Baba alikuwa anakata uzi wa mwisho mama alipotokea, nywele zikidondosha maji.

"Baba Chiriku, sasa nipe mwanangu."

Mkasi ukasimama hewani. "Si unaye wewe?"

Wote wakamtazama Chiriku. "Yuko kitandani," alisema kwa sauti ndogo.

Mama akakimbia chumbani kumleta. Miguu ya mtoto ilikuwa baridi kama sakafu, wala hakulia alipoinuliwa. Baba akamweka kifuani, mama akamfunika mgongo. Wasichana walisimama na sketi zao mikononi. Baada ya kitambo, vidole vidogo vikajikunja, kikasikika kilio chembamba kama cha paka mchanga.

"Lia, baba, lia," mama akamwambia mwanawe, akijifuta macho.

"Nilimfunika vizuri, mama. Mablanketi mawili!"

"Blanketi halina joto lake, mwanangu. Linatunza joto la aliyemo ndani. Huyu bado hana la kutosha, ndiyo maana tunamgawia letu."

"Nisamehe, baba. Niliona aibu, nikakudanganya."

"Utani wa wenzako ungepita," baba alisema taratibu. "Lakini neno lako moja la uongo lilinifanya nikae hapa nashona, mtoto anapoa chumbani. Ungeniambia tu mama anaoga, ningempokea mwenyewe. Ukweli husemwa mapema, Chiriku, hata ukikuaibisha."

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Kisha akawageukia wenzake. "Haya, muulizeni wenyewe lile swali lenu."

Wasichana wakatazama chini. Fundi akacheka, akakaza fundo la kitambaa kifuani pake.

"Nitajifungua," akasema, "huyu akishanenepa."