Nakala Kumi na Mbili za Godelieve

Mlango wa treni ulipofunguka Flemingsberg, kusini mwa Stockholm, saa kumi jioni, watu waliotoka zamu hospitalini walijisukuma ndani kwa pamoja, wakakwama. Mlangoni alisimama mwanaume mrefu, amekumbatia begi jeusi, bapa, pana kuliko yeye. Haendi mbele wala harudi nyuma.

Godelieve alikuwa amesimama kwa miguu yake tangu alfajiri, akigeuza wagonjwa na kubadilisha mashuka. Koti lake lilikuwa la manjano, kichwani kilemba cha kitenge, shingoni bado inaning'inia kadi ya kazi.

"Huyu naye na mlango wake wa kabati," alinong'ona kwa Kiswahili, akijua hakuna wa kumwelewa.

"Si mlango, dada," sauti ilijibu juu ya kilemba chake. "Ni Amerika."

Treni ikaondoka kwa kishindo, hiyo Amerika ikamwangukia, akaidaka kwa mikono miwili. Ndipo alipoviona vidole vya yule bwana: vyeusi hadi kwenye kucha, kama mtu aliyetoka kufua moshi.

"Kiswahili hicho umekitoa wapi?"

"Uvira. Nikiwa na miaka saba wakatupeleka Kentaki. Kilichobaki ndicho hiki."

"Kimevunjika mguu."

"Si wewe ni wa hospitali? Basi ukitibu."

Alicheka kabla hajajizuia. Kituo chake cha kushukia kikapita. Walipofika mjini yeye kashika ncha moja ya begi, yule bwana, Norbert kwa jina, kashika nyingine, na namba za simu zimeshabadilishana zenyewe.

Norbert alikuwa mchapaji wa picha. Alichonga kibao kwa patasi ndogo, akakipaka wino, akakilazia karatasi juu, akapitisha kwenye mtambo. Alikuwa amealikwa Stockholm kwa miezi minne, amekuja na picha thelathini za wachapaji wenzake wa Marekani, zitundikwe katika ukumbi mmoja Södermalm. Jumamosi alimpitisha Godelieve ukutani, moja baada ya nyingine. Foleni ya wapiga kura inayozunguka jengo mara mbili, mvua inanyesha. Basi la wafungwa, kila dirisha na uso mmoja. Vyombo vya familia iliyofukuzwa kwenye nyumba, vimerundikwa kando ya barabara, na juu ya mashine ya kufulia kuna keki ya mtoto yenye mishumaa mitano.

"Kwa nini msipake rangi tu, mkauza?" Godelieve aliuliza.

"Picha ya rangi iko moja, cheri. Tajiri ananunua, anaifungia sebuleni. Ya kuchapa natoa hamsini. Moja ukutani mtaani, moja kanisani, moja inabebwa kwenye maandamano, moja anapewa mwenyewe aliyefukuzwa. Kule kwetu asiye na redio anachonga kibao."

"Hiyo cheri nani kakuruhusu?"

"Imetoroka tu."

Mbele ya picha ya mwisho Norbert alisimama. Mwanamke mnene, aproni ya plastiki, mikono yenye mishipa, na kwenye kofia ngumu namba 114.

"Mama yangu. Kiwanda cha kuku. Kule ndani hakuna Mama Norbert, kuna mia moja na kumi na nne. Nilipomchapa na namba yake alilia. Kisha akaibandika jikoni, kila mgeni lazima aione."

Hapo ndipo mambo yalipoanza, na msiniulize nani alianza. Simu zilipigwa asubuhi kabla ya zamu na jioni baada yake. "Umekula, kipenzi?" "Nimekula. Wewe?" "Mimi nimekula wino." Norbert akaletwa nyumbani kwa Stellah, Rågsved. Stellah ni Mkenya ambaye sebule yake haijawahi kuwa na kiti kitupu: Wakongo wamekalia kochi, Waganda mkeka, Watanzania wanabishana jikoni juu ya pilau, watoto wanajibu kila kitu kwa Kiswidi. Norbert aliosha vyombo vyote bila kuambiwa. Stellah akamvuta Godelieve kando: "Huyu usimwachie mtu. Ukimchoka, nirudishie mimi."

Siku moja mwezi wa nne, chini kwenye karakana yake inayonuka mafuta ya kitani, Godelieve alimweleza jambo. Alikulia kambini Kigoma, upande wa Tanzania, familia yake imekimbia Burundi. Foleni ya mahindi kila wiki mbili. "Mama alinifundisha namba ya kadi kabla hajanifundisha kusali. Aliniambia, ukipotea usiseme jina, jina hawalijui. Sema namba." Akaitaja, tarakimu sita, kwa sauti ya mtoto wa miaka tisa. "Sijawahi kumwambia mtu. Hata Stellah."

Norbert alimshika mkono, hakuuliza kitu. Laiti angeuliza.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu, simu ya Godelieve iliita akiwa anakunywa chai chumba cha wafanyakazi.

"Gode, mamii, uko peke yako? Kaa chini."

"Nimekaa. Kuna nini, dada Stellah?"

"Kwa nini hukuniambia huyo mwanaume anakuchapa?"

"Ananifanya nini?"

"Usimfiche! Kasema mwenyewe, jana, baada ya ibada, kikombe cha kahawa mkononi, mbele ya watu wazima! 'Godelieve nimemchapa mara kumi na mbili.' Anatabasamu! Baba mmoja Mrundi akamuuliza, kakosa nini? Akasema, hajakosa kitu, ni kwa sababu nampenda. Gode, wanaume wanne walishavua makoti!"

Godelieve alicheka hadi chai ikamwagika. Alicheka mpaka machozi. "Dada, yeye ni mchapaji! Kuchapa karatasi! Ametoa picha..."

Kicheko kikakatika. Picha ya nani?

Hakungoja kesho. Ukumbini alikuta wanafunzi wawili wamesimama mbele ya ukuta wa mwisho, pembeni ya Mama Norbert. Na pale alikuwa yeye. Kilemba chake. Mashavu yake, yamechongwa kwa upole ambao hata yeye aliuona. Na chini ya kidevu, kutoka bega hadi bega, zile tarakimu sita. Mwanafunzi mmoja alikuwa anazisoma kwa sauti, kwa Kiswidi, moja moja.

Norbert alikuja mbio kutoka nyuma ya ukumbi, uso unang'aa. "Cheri! Nilitaka iwe ya kukushtua Ijumaa..."

"Umeshanishtua."

"Iko karibu na mama. Mahali pa heshima."

"Mama yako ulimuuliza?"

"Ndiyo. Aliniketia siku mbili."

"Mimi ulinikalisha wapi? Nilikupa kitu kwenye sikio, wewe umekitundika ukutani. Miaka yote hii, Norbert, nikitajiwa jina langu hospitalini nageuka nikifurahi. Leo mtoto wa watu kaniita namba, nikageuka."

"Gode, nilidhani..."

"Ulidhani." Akafunga koti la manjano, akaondoka.

Simu hazikupokelewa. Siku ya kwanza kumi na moja, ya pili tisa, ya tatu ujumbe mmoja tu: *Samahani haitoshi, najua.* Kisha kimya. Sebuleni kwa Stellah habari iligawanyika. Upande mmoja ulisema msanii ni mtoto tu, asamehewe. Upande mwingine ulisema bora angempiga kweli, ingejulikana. Stellah aliufukuza upande huo wa pili na sahani zao mkononi. Godelieve alifanya zamu mbili mbili, akawa mwembamba usoni. Ndege ya Norbert ya kurudi Amerika ilikuwa tarehe thelathini.

Tarehe ishirini na nne Stellah alipiga simu, anapumua kwa kasi.

"Nimeenda kuiona hiyo picha, nijue namtukana kwa lipi. Haipo!"

"Imenunuliwa?"

"Ameitoa jioni ile ile uliyoondoka. Kuna msumari na karatasi: 'Picha hii imeondolewa kwa sababu sikumwomba mwenyewe ruhusa. Kosa ni langu. Norbert.' Na watu wamejaa pale, mamii, wanapiga picha ukuta mtupu!"

Godelieve alishuka ngazi za karakana saa sita mchana, bado na sare ya kazi. Norbert alikuwa ameketi sakafuni kati ya masanduku, shati limekunjwa viwikoni, ndevu hazijanyolewa. Hakusimama. Alimsukumia bahasha kubwa.

"Nakala zote kumi na mbili. Na kibao kile pale mezani. Nimekungoja wewe. Wachapaji tuna desturi, nakala zikitimia tunakata kibao msalaba, kona kwa kona, asichape mtu tena. Nakata mbele yako, halafu nitaenda."

Akainua patasi.

"Usiukate uso wangu."

Mkono wa Norbert ulibaki hewani. Godelieve alikiinamia kibao. Kila kitu kilikuwa kimechongwa kinyume, kama kwenye kioo, na ile namba ilikuwa inatembea kurudi nyuma. Ilimchukua muda hata kuitambua.

"Nikichonga hapa, karatasini kinatoka nini?"

"Nyeupe. Palipochongwa hapashiki wino."

"Nipe."

"Sukuma mbele. Huo mkono mwingine usiuweke njiani, utajikata. Polepole, kip... polepole, dada."

"Dada tena?"

"Naogopa neno lingine litoroke."

Hakumjibu, ila kona ya mdomo ilisogea. Alichonga tarakimu ya kwanza, ya pili, vumbi la mbao linamwangukia mapajani. Ya nne alilia, na aliendelea kuchonga. Ilipokwisha ya sita, Norbert alipaka wino, akalaza karatasi, wakazungusha gurudumu la mtambo pamoja, mikono minne. Karatasi ikabanduka. Uso ule ule, na chini ya kidevu utepe mweupe, umejaa alama za patasi ya mtu asiyejua kuchonga.

Godelieve aliinua karatasi mwangani.

"Hii unaweza kuitundika," alisema.

Norbert alichukua penseli, maana mchapaji husaini chini kwa penseli. Hakusaini. Alimpa yeye. Godelieve akaandika jina lake lote, herufi zote tisa, kisha akamrudishia naye aandike pembeni.

"Gode. Naomba ruhusa."

"Ya nini?"

"Ya kubaki. Na ya kukuoa. Sijui ipi inaombwa kwanza."

Alijifuta macho kwa kiwiko, kwa kuwa vidole vilishakuwa vyeusi. "Mimi nusu yangu nimeshakupa. Nusu nyingine iko kwa mjomba Zénon, Upplands Väsby. Anaombwa na wazee, kwa heshima, wamekaa chini."

"Wazee wangu wote wako Kentaki."

"Basi waombe wa kuazima."

Norbert alifikiri, akatoa simu, akaiweka mezani ili wote wasikie.

"Dada Stellah? Nahitaji wazee."

Upande wa pili sufuria ilifunikwa kwa kishindo, na sebule nzima ikanyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Wangapi?" Stellah aliuliza.

"Wanatosha wangapi?"

"Ninao saba hapa, wameshasimama. Lini?"

Norbert alimgeukia Godelieve. "Lini, kipenzi? Sema wewe."

"Jumamosi," alisema Godelieve. "Saa nane. Na dada, mwambie kila mmoja apige hodi."