Pua ya Mama Amondi

Katika ploti moja ya nyumba za kupanga, mtaa wa Mowlem, maji ya mfereji huja Jumanne na Ijumaa. Siku hizo mitungi ya njano hupangwa mstari mmoja mpaka langoni. Mwenye shughuli haachi shughuli yake. Anauweka mtungi wake katika foleni na kumwambia jirani, "Nishikie." Zamu ikifika, jirani huyo huchota maji yake na ya mwenzake. Hakuna anayeshukuru sana, kwa maana kesho yeye ndiye atakayeshikiwa.

Truphena na Waringa walishikiana foleni kwa miaka kumi na miwili. Truphena ni fundi wa nguo. Majirani humwita Mama Amondi, kwa jina la binti yake. Waringa huitwa Mama Jacky. Yeye huuza viazi, ambavyo mwenyewe huviita waru, na mboga langoni, na anamtunza mama yake mzazi, Cucu Teresiah, bibi wa miaka themanini mwenye ugonjwa wa kifua. Wanawake hawa walishikiana foleni ya maji, ya mafuta taa na ya kliniki. Nayasema haya mapema ili msomaji asiwahukumu haraka. Mimi mwenyewe nilipoisikia habari yao, nilishika kichwa kwa mikono miwili.

Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka wa 2021. Korona ilikuwa imepamba moto na shule zilikuwa zimefungwa. Amondi alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja huko Dubai. Aliondoka nyumbani akamwacha mtoto wake, Elsie, akiwa na miaka mitatu. Sasa Elsie alikuwa na miaka tisa. Kwa miaka sita alikuwa amemwona mama yake kwenye simu tu.

Mwaka huo Amondi alipata likizo ya siku kumi. Akanunua tiketi tatu: ya Elsie, ya mama yake Truphena, na ya baba yake, Mzee Opiyo, karani mstaafu wa reli. Ndege ingeondoka Ijumaa jioni.

Elsie alikuwa na swali moja, asubuhi na jioni.

"Dani, mama ni mrefu kukushinda?"

Dani ni nyanya kwa Kijaluo.

"Utajionea mwenyewe," Truphena alimjibu, huku akishona.

Jumapili kabla ya safari, Kavinya alipita kwao. Kavinya ni mhudumu wa afya wa mtaa. Anajulikana kwa mkoba wake wa bluu na kwa mdomo wake usiozunguka.

"Baba Amondi, mmeuliza masharti ya safari?" aliuliza.

"Tumeuliza kampuni ya ndege," Mzee Opiyo alisema, akatoa karatasi. "Wanataka cheti cha kupimwa. Kisipite saa sabini na mbili."

"Unahesabu kuanzia lini?"

"Si tangu majibu yatoke?"

"Hapana, baba. Unahesabu tangu kijiti kiingie puani. Ukipimwa Jumatatu, Ijumaa cheti kimeshakufa. Pimeni Jumatano. Na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi."

"Na mimi?" Elsie aliuliza.

"Nchi unayoenda, wewe hupimwi. Hujafika miaka kumi na miwili. Lakini maski utavaa, tena hivi." Kavinya akaipandisha barakoa ya Elsie kutoka kidevuni mpaka juu ya pua. "Kidevu hakipumui. Bebeni za kubadilisha, ikilowa unavaa nyingine. Na masharti haya hubadilika kila wiki, kwa hivyo ulizeni tena siku moja kabla."

Mzee Opiyo aliandika yote. Mtu wa reli huheshimu saa. Lakini Truphena hakuandika kitu. Alikuwa amesikia neno moja tu: kijiti.

Truphena aliogopa sana. Tangu utotoni pua yake hutoka damu hata akipenga kwa nguvu. Na sokoni alikuwa amesikia kwamba kijiti kile kinapanda mpaka kwenye ubongo, na mtu hubaki na maumivu ya kichwa maisha yake yote. Alimweleza Waringa tu, na kwa sauti ya chini.

"Mama Amondi, hiyo ni kuwashwa tu," Waringa alisema. "Mimi nilipimwa mwaka jana. Si nimesimama hapa nauza waru?"

"Wewe pua yako ni ngumu."

Waringa akacheka. Kisha akasema maneno ambayo alikuwa ameyasema mara elfu. "Basi leta pasipoti. Nitakushikia."

Jumatano asubuhi, Mzee Opiyo alikwenda kliniki akapimwa. Truphena alimwambia, "Tangulia. Namalizia sketi za watu." Mchana Waringa alikwenda, pasipoti ya Truphena mkononi na barakoa usoni. Foleni ilikuwa ndefu. Mtu wa mapokezi alitazama picha, akatazama macho juu ya barakoa, akasema, "Mwingine." Kijiti kikaingia kwenye pua ya Waringa. Jina lililoandikwa lilikuwa la Truphena.

Alhamisi asubuhi simu ya Mzee Opiyo ililia. Hana virusi. Alimwinua Elsie juu kama mtoto mchanga.

Dakika chache baadaye, simu ya Truphena ililia. Alikuwa peke yake kwenye cherehani. Akasoma mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili kwa kidole, neno kwa neno.

Amepatikana na virusi vya korona.

Alijigusa paji la uso. Akachukua kipande cha sabuni akakinusa. Harufu aliipata vizuri. "Niko na korona," alinong'ona. Kisha akakumbuka kwamba pua iliyopimwa haikuwa yake.

Ungedhani angekimbia saa hiyo hiyo kwa Waringa. Hakukimbia. Aliwaza kwanza safari. Aliifunga simu kwenye leso, akaenda kwa Mbugua, kijana mwenye saiba, duka la kompyuta na kuchapa karatasi, karibu na kituo cha mafuta.

Mbugua aliusoma ujumbe, akapiga mluzi. "Pole, mathe. Lakini hii si noma. Nabadilisha neno moja tu. Nusu saa uko na cheti safi."

"Hawatajua?"

"Nani atajua? Karatasi ni karatasi."

Nakiri kwa uchungu kwamba Mama Amondi hakukataa. Alisema, "Ngoja kidogo, nakuja." Akarudi nyumbani kutafuta pesa na ujasiri.

Mlango wa Waringa uko kabla ya mlango wake. Ulikuwa wazi. Ndani, Waringa alikuwa akimlisha Cucu Teresiah uji. Alichota kijiko, akauonja kama u moto, kisha akakitia kijiko kile kile kinywani mwa mama yake. Akachota tena. Akauonja.

Truphena alisimama hapo. Alikuwa ameyaona hayo kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili. Siku hiyo aliona kitu kingine kabisa.

"Waringa!" alipiga kelele. "Weka hicho kijiko chini! Toka kwa Cucu!"

Waringa alishtuka, kijiko kikaanguka. Mama Amondi hakuwahi kumwita kwa jina lake.

"Kuna nini?"

"Majibu yamekuja. Uko na korona."

"Mimi? Mimi sina hata kikohozi!"

"Ni pua yako iliyopimwa. Si yangu. Ni yako!"

Waringa alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Alimtazama mama yake. Alitazama kijiko sakafuni. "Nimemlisha jana," alisema. "Nimemlisha juzi. Ngai, nimemlisha kila siku." Akajifunika uso kwa mikono.

Mzee Opiyo alitoka mbio na Elsie nyuma yake.

"Pua gani? Mama Amondi, wewe hukupimwa?"

Truphena akatikisa kichwa: hakupimwa. Mzee Opiyo aliketi chini kwenye kizingiti, yeye mtu wa kukaa kwenye kiti. Kisha akamwita Kavinya kwa simu.

Kavinya alifika, akaelezwa. Alifungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena.

"Mama Amondi," alisema mwishowe, "foleni ya maji mtu anaweza kukushikia. Maji ni maji. Lakini kipimo ni mwili wako. Mwili haushikiwi."

"Niliogopa kijiti."

"Ungeniambia hivyo tu! Mwenye pua ya damu anamweleza daktari, daktari anampima polepole, au anatumia tundu moja. Na hakifiki kwenye ubongo. Kinaishia nyuma ya pua, basi." Akavuta pumzi. "Unaona kilichotokea? Kliniki ilikutumia wewe ujumbe. Mgonjwa ni yeye, na yeye hakuambiwa. Ungenyamaza, angeendelea kumlisha Cucu."

"Lakini sisikii ugonjwa," Waringa alisema.

"Wengi hawasikii kitu, na bado wanaambukiza. Ndiyo maana tunapima hata wazima."

Truphena alitazama chini. "Mbugua alisema anaweza kubadilisha cheti."

"Abadilishe!" Kavinya alifoka. "Cheti kina ule mraba mweusi. Uwanja wa ndege wanauskani kwa mashine, majibu ya kweli yanatokea. Hapo hupandi ndege, unapanda gari la polisi. Na wakikosa kukugundua, ni mbaya zaidi. Watu mia mbili wamefungiwa ndani na mgonjwa asiyejulikana."

"Sasa kesho tunaenda?" Elsie aliuliza.

Kavinya akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Hapana, mama. Dani yako amekaa karibu na Mama Jacky. Mko nyumba moja. Mtakaa ndani siku kumi na nne, tuone kama kuna mtu ameambukizwa."

Elsie hakulia kwa sauti. Alikwenda kwenye sanduku lake jipya, akalifungua, akatoa viatu vya safari na kuvirudisha chini ya kitanda. Truphena aliniambia kwamba hajawahi kuona aibu kama ile.

Jioni alimpigia Amondi simu. Alimweleza yote, hakuficha hata habari ya Mbugua.

"Mama, likizo yangu inaanza kesho," Amondi alisema. "Niliingoja miaka sita."

"Najua, mwanangu. Ni mimi nimekosa."

"Na Cucu?"

"Hatujui bado."

Amondi alilia, mama yake akalia. Kisha Amondi akasema, "Acha nimwombe bosi."

Siku kumi na nne zilikuwa ndefu. Waringa alikaa chumba cha nyuma, dirisha wazi mchana na usiku. Binti yake Jacky alimhudumia Cucu akiwa na barakoa, na kila mmoja akawa na kikombe na kijiko chake. Truphena alipiga simu kliniki akakiri ili jina lirekebishwe. Alikaripiwa vizuri sana, akasema asante. Ijumaa na Jumanne mitungi yao ilijazwa na kuachwa mlangoni na majirani.

Cucu Teresiah alipimwa mara mbili. Mara zote mbili, hana virusi. Waringa aliposikia, alipiga magoti dirishani. Kavinya alisema wazi kwamba ilikuwa bahati, na kwamba siku moja tu zaidi ya kijiko kile ingeweza kummaliza.

Bosi wa Amondi alikubali kusogeza likizo. Lakini alitoa siku tano badala ya kumi. Hasara nyingine hairudi.

Baada ya karantini, Mzee Opiyo aliuliza masharti upya na kuhesabu saa upya. Safari hii walikwenda kliniki pamoja, na Kavinya akawasindikiza. Truphena alimweleza daktari habari ya pua yake, kisha akafumba macho. Machozi yalimtoka. Akahesabu moja, mbili, tatu, nne.

"Basi," daktari alisema.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Na nimetesa watu hivyo kwa sababu ya hiyo?" Truphena alisema, akajipiga paja.

Majibu yalikuja kesho yake. Wote wawili hawakuwa na virusi. Elsie alivaa barakoa aliyoshonewa na dani, na nyingine nne mfukoni. Ndani ya ndege hakuishusha kidevuni hata mara moja, ila wakati wa kula.

Dubai, watu wote pale uwanjani walikuwa wamefunika nyuso. Elsie aliangaza macho huku na huku. Mwanamke mmoja aliwajia mbio, akapiga magoti, akamkumbatia mpaka barakoa zao zikapindana. Elsie alimsukuma kidogo, akamsimamisha wima karibu na Truphena. Akaweka mkono kichwani mwa mmoja, kisha akausogeza ule mkono mdogo mpaka kwa mwingine.

"Dani!" alipaaza sauti. "Mama ni mfupi!"

Waliporudi Mowlem ilikuwa Jumanne, na mitungi ilikuwa mstari mmoja mpaka langoni. Waringa alikuwa amepona. Alimwona Truphena akishuka na mizigo, akamwita.

"Mama Amondi, nenda upumzike. Leta mtungi, nikushikie."

Truphena akamletea mtungi.

"Maji nishikie, Mama Jacky," alisema. "Pua yangu nitaibeba mwenyewe."